Nyuma ya Gurudumu la Marnix

Jumapili ya kwanza baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote ya Novemba, maua yakiwa bado mabichi makaburini, klabu yetu hukaguliwa. Mkaguzi ni Norbert, nahodha wetu, ambaye hakuna mtu anayekumbuka kumchagua. Husimama nje ya mkahawa wa Mariette, mikono mgongoni, na kila anayefika na baiskeli yake ya majira ya baridi hupita mbele yake kama ng'ombe mnadani. Breki haangalii. Taa haangalii. Anaangalia madigadi ya nyuma. Lazima ishuke chini kabisa, na mwishoni mwake lazima kining'inie kipande cha plastiki kinachokaribia kugusa barabara. Wengi wetu hukikata kutoka kwenye chupa ya maziwa au ya sabuni na kukifunga kwa skrubu.

Kipande hicho hakimfai mwenye baiskeli kwa lolote. Madigadi peke yake inatosha kumkinga yeye. Kinamfaa anayemfuata, kwa sababu huku Flandria ya Magharibi viazisukari huvunwa kwenye mvua, matrekta huacha tope njia nzima, nasi huendesha gurudumu kwa gurudumu ili tujifiche upepo. Asiyekuwa nacho humlisha mwenzake tope asubuhi nzima. Norbert amewahi kumrudisha nyumbani daktari wake mwenyewe kwa kosa hilo, na dawa za shinikizo la damu akaenda kuzichukua Jumatatu kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Marnix," Norbert alisema mwaka mmoja, "madigadi yako imekatwa."

"Najua. Nimeikata mimi."

"Atakayekaa nyuma yako atakula tope."

"Hakuna atakayekaa nyuma yangu."

Norbert alitazama viatu vyake kwa muda, halafu akampisha. Ulikuwa mwaka wa kwanza bila Odiel, rafiki yake Marnix, na hakuna aliyetaka kubishana na Marnix juu ya kipande cha chupa.

Marnix Devoldere hajawahi kuandikwa na gazeti lolote, kwa hiyo acha mimi niseme yeye ni nani. Ni mrefu, ana mabega ya kubebea milango, na uso mwekundu wa mtu aliyepigwa na upepo tangu utotoni. Tangu atoke shule anafanya kazi kwenye kiwanda cha mboga za kugandisha: karoti, liki, na zile kabichi ndogo ndogo ambazo watoto wote wa huku huzificha chini ya viazi. Wiki nzima yuko kwenye vyumba vya barafu na koti zito, halafu Jumapili, badala ya kukaa karibu na jiko, anapanda baiskeli na kwenda kutafuta baridi nyingine.

"Huyu ukimweka juani ataharibika," Odiel alikuwa akisema. "Itabidi tumpike siku hiyohiyo."

Marnix hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki, akabaki kwenye nyumba ileile yenye mapazia yaleyale. Kazini kuna mashine zinazopiga kelele, watu wanaongea kwa kutikisa vichwa. Nyumbani kuna redio. Jumapili asubuhi ndiyo ilikuwa saa pekee aliyokaa na binadamu wenzake kwa kutaka, na wao wakimtaka. Bila hiyo hakuwa na mtu. Nalisema wazi kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Na Jumapili ilikuwa ni Odiel Vanpoucke. Odiel aliendesha lori la maziwa, mtu mfupi, mdomo haupumziki. Marnix alitangulia akikata upepo, Odiel akajibanza nyuma yake, karibu kiasi kwamba ngumi isingepita katikati, na kutoka huko nyuma alisimulia: nani kafumaniwa, ng'ombe gani kampiga teke nani, mchungaji wa kanisa gani kapaka nywele rangi. Alisema ameyatazama makalio ya Marnix zaidi kuliko alivyomtazama mkewe. Mkewe alijibu kwamba likizo hiyo inamfaa sana.

Asiyewahi kuendesha hivi hajui jambo moja: aliye nyuma haoni barabara. Anaona mgongo. Aliye mbele ndiye macho yake. Akiona shimo, mkono mmoja unatoka kwenye usukani, unashuka kando ya mguu, kidole kinaonyesha chini, na mdomo unaita. Anayefuata hurudia, na wa nyuma yake, mpaka yule wa mwisho. Ndiyo heshima yetu, na watu wamefukuzwa kwenye klabu kwa kuipuuza. Lakini heshima nayo ina uvivu wake. Mashimo ya karibu na nyumbani, yale tuliyoyapita tangu ujana wa wengine na tangu mimi nije huku kumfuata mwanamke, tulikuwa tumeacha kuyaonyesha. Kila mtu aliyajua kama anavyozijua ngazi za kwake.

Moja lilikuwa kwenye kapela ya Mama Maria, kile kikanisa kidogo cha matofali kilicho kwenye kona ya barabara ya zege, ambapo vibao viwili vya zege vilikuwa vimeachana. Tuliliita shimo la kapela. Tulilipita kwa kujitupa kushoto kidogo, bila kufikiri, hata tukiwa tunapenga kamasi.

Jumapili moja kabla ya Krismasi tulikuwa tunarudi. Ukungu ulikuwa mzito na baridi ilikuwa ile inayoingia kwenye meno. Mimi nilikuwa mwisho, kama kawaida yangu. Nimezaliwa Pemba na miguu yangu mpaka leo haijaamini kwamba nimeileta huku kwa makusudi. Mbele nilimsikia Odiel akicheka. Halafu nikasikia baiskeli ikigonga zege. Tulipofika alikuwa amelala kwenye ngazi ya kapela, helmeti imepasuka, na Marnix amepiga magoti kando yake akimwita jina. Marnix alikuwa amevua koti lake na kumfunika, akabaki na jezi tu kwenye baridi ile, na hakukubali kulivaa tena hata gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua.

Odiel hakuamka. Alifariki kabla ya sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari.

Wote walisema barafu. Polisi walisema barafu, padri alisema barafu kwa maneno marefu zaidi. Tuliweka jezi ya klabu juu ya jeneza, na Marnix alibeba upande wa mbele. Baadaye kwenye ukumbi, kwenye mikate midogo ya jibini na kahawa ambayo huku ndiyo ya kuagia maiti, alikaa na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Mjane alikwenda kumshika bega. Nilimwona akijikunja kama aliyeguswa kwenye jeraha. Nilidhani ni majonzi, na majonzi yalikuwemo.

Majira ya kuchipua, manispaa ililiziba shimo. Walimwaga lami, likabaki doa jeusi kwenye zege ya kijivu. Tulilipita kimya.

Tangu hapo Marnix alikuja nyuma, yaani kwangu. Sikufurahi. Nyuma kuna raha yake: unachoka kwa siri, unapumzika kwa siri, na wakifika kwa Mariette unasema ulikuwa na pancha. Sasa nilikuwa na jitu zima linalonisindikiza, tena jitu linaloweza kwenda mara mbili yangu. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikisimama kukojoa, anasimama. Kamwe hakunipita, na kamwe hakukubali nikae nyuma ya gurudumu lake, hata upepo ukitoka baharini moja kwa moja na mimi natokwa na machozi.

"Marnix, ndugu yangu, pita mbele unikinge kidogo. Nakufa hapa."

"Unakwenda vizuri, Makame."

"Sisemi nakwenda vibaya. Nasema nakufa."

"Bado kidogo tu. Supu iko karibu."

Kuna siku mtu tusiyemjua, mwenye jezi ya njano, alitukuta njiani karibu na Diksmuide na kujibandika nyuma ya Marnix, kama watu wanavyofanya bila kuombana ruhusa. Marnix aligeuza shingo mara moja, akaona, akaingia pembeni kwenye majani na kusimama. Aliinama akabonyeza tairi. Yule wa njano akapita. Tairi ilikuwa imejaa vizuri kabisa, niliibonyeza mwenyewe.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.

"Nilidhani inapungua."

Nilikasirika, maana nilikuwa nimelowa mpaka kwenye soksi na nilisimamishwa kwa ajili ya tairi nzima. Lakini niliona alivyoendelea kuibonyeza hata baada ya yule wa njano kutoweka. Sikuuliza tena. Hivyo ndivyo tulivyoendesha, yeye na mimi, miaka kadhaa ya majira ya baridi.

Halafu akaja Annelore.

Ni binti wa Odiel, msusi, ana saluni karibu na uwanja wa kanisa. Mdomo ni wa baba. Alifika siku ya ukaguzi na baiskeli ya baba yake ya majira ya baridi, ile ya kijani, na chini ya madigadi kipande alichokata Odiel mwenyewe kutoka kwenye chupa ya siki. Norbert aliinama kukitazama na alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kimepita," alisema, akapenga pua.

"Nataka kujua baba alikuwa akienda wapi," Annelore alituambia. "Kila Jumapili anatoka msafi anarudi na tope na uongo. Mama anasema nimuulize Mariette. Mariette anasema nipande niende nikaone."

Alijua kuendesha. Hakwenda mbele kwa wenye nguvu, wala hakukaa katikati kwenye usalama. Alirudi mpaka kwetu, akaingia moja kwa moja nyuma ya gurudumu la Marnix.

"Baba alikuwa anakaa hapa, sivyo, mjomba?"

Marnix alishika breki. "Pita."

"Sitaki kupita. Hapa kuna kivuli kizuri cha upepo."

"Nina madigadi fupi. Utakula tope."

"Nafunga mdomo."

"Wewe?" nikasema. "Itabidi tukushonee."

Hakucheka hata mmoja wao. "Pita, mwanangu," Marnix alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba. Annelore akapita. Jumapili iliyofuata alijaribu tena, na iliyofuata tena. Marnix aliingia kwenye majani, alikaza mnyororo usiolegea, na mara moja alikata kushoto kwenye njia ya shamba la liki na kutuacha sote tukimtazama anavyozama kwenye matope. Watu wakaanza kunong'ona. Norbert alisema labda mzee hapendi wanawake kwenye klabu. Nilimwambia Norbert anyamaze. Msichana alikuwa ameanza kuumia, ilionekana wazi, na msichana yule akiumia haendi chumbani kulia.

Ilitokea kwa Mariette, kwenye meza ya kona iliyo karibu na jiko, ambapo sisi wa mwisho hukaa kwa sababu nyingine zimeshajaa. Glavu zetu zilikuwa zinakauka juu ya jiko na kunuka. Supu ya nyanya na vijinyama vya duara ilikuwa imeshaletwa. Annelore alivuta kiti, akaketi mbele ya Marnix.

"Mjomba Marnix, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona unanikimbia kama nanuka?"

"Wala, unanukia shampuu," nikasema. Alinitazama, nikarudi kwenye supu yangu.

"Ulikuwa unakuja nyumbani," alisema. "Sikukuu zote. Ulinifundisha kuziba pancha. Baba kafa, na wewe ukafa. Mama hupika viazi vya mtu mmoja zaidi mpaka leo akisahau, na huyo mmoja si baba, ni wewe. Sasa nimekuja mwenyewe kwa baiskeli ya baba, unaingia shambani. Niambie ubaya wangu nijue."

Marnix aliweka kijiko chini. Alikiweka sawasawa kando ya bakuli kama mama yake alivyomfundisha.

"Nililiona," alisema.

"Nini?"

"Shimo. Nililiona, na barafu juu yake niliiona. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa nimevikunja ngumi ndani ya glavu, nashika usukani kwa viganja. Nikasema moyoni, Odiel analijua hili. Analijua kuliko mimi. Nikajitupa kushoto. Mkono sikuutoa, na mdomo sikuufungua." Akasukuma bakuli kando. "Alikuwa anacheka. Alikuwa amenisimulia kitu na anacheka, hakuwa anatazama. Alikuwa ananitegemea mimi."

"Wote wanasema barafu," Annelore alisema.

"Barafu ilikuwepo. Na mimi nilikuwepo."

Annelore aliinuka. Alivaa helmeti bila kuifunga, akachukua glavu juu ya jiko, ambazo hazikuwa zake, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akipanda baiskeli ya kijani, akaondoka peke yake kwenye mvua. Mariette akaja kuuliza kama supu ilikuwa na kasoro.

Nitasema nilivyohisi. Kwanza nilikasirika, nikataka kumpiga Marnix kwa bakuli. Miaka yote hiyo nimemwonea huruma mtu aliyefiwa, kumbe alikuwa amebeba kitu kingine na kunifanya mimi mlinzi wake bila kuniambia. Halafu nikamtazama. Alikuwa anakunja kitambaa cha karatasi kidogo kidogo, akikunjua, akikunja. Hasira ikaniisha. Nilimlipia supu.

Jumapili iliyofuata Marnix hakuja. Nyingine pia hakuja. Watu walisema mafua. Annelore naye hakuonekana, na saluni yake nilipopita ilikuwa imejaa watu na yeye ndani, anakata nywele kimya, jambo ambalo wateja walilizungumza mji mzima.

Nilikwenda kwa Marnix siku ya kazi, mchana, akiwa ametoka zamu ya asubuhi. Alinikaribisha jikoni, akanipa kahawa na kipande cha keki ya wali. Baiskeli ya majira ya baridi ilikuwa imetundikwa darini kwenye kibanda cha nyuma, magurudumu juu, imesafishwa kama inakwenda kuzikwa.

"Nimetundika," alisema.

"Mpaka lini?"

"Basi tu. Nimetundika."

"Na Jumapili utafanya nini?"

Alitazama kuzunguka jiko la mama yake: saa ya ukutani, redio, kiti kimoja kilichochakaa na vitatu vizima. "Kuna redio," alisema.

Nilimwambia maneno mengi, mengine ya hasira. Nilimwambia kwamba huko nyuma sina mtu. Nilimwambia mguu wangu wa kushoto hauwezi upepo bila mwenzi. Nilimwambia atakufa kwenye kile kiti na sisi tutajua kwa sababu karoti zitaoza kiwandani. Alinisikiliza kwa adabu na kunimiminia kahawa nyingine. Nilipoondoka nilijua kwamba hatapanda tena. Nilikuwa nimemaliza maneno yangu na hayakutosha.

Jumapili baada ya hapo ilinyesha theluji iliyochanganyika na mvua, ile inayoingia kwa shingo na kutokea viatuni. Walikuja wachache. Annelore alikuwa mmojawapo, amefika mapema, amesimama na baiskeli ya kijani, na mfuko wa jezi yake ya mgongoni umevimba.

"Leo tunapitia kwa Marnix," alimwambia Norbert.

"Hiyo si njia yetu."

"Leo ni njia yetu."

Norbert ni nahodha, lakini huenda kwake kunyolewa. Tukaenda.

Tulisimama nje ya lango, kundi zima, mvuke ukitutoka. Annelore alizunguka nyumba bila kubisha hodi. Nilimfuata, nikisema nakwenda kumzuia, ingawa nia yangu ilikuwa kusikia. Marnix alitoka mlango wa jikoni na suruali ya Jumapili na ndala za mama yake miguuni. Alipomwona alishika fremu ya mlango.

"Ishushe," Annelore alisema.

"Annelore."

"Ishushe, mjomba. Wenzako wanalowa."

Aliingia kwenye kibanda akaishusha, na sijui ni nini kilichomfanya atii, labda ni sauti ya Odiel ndani ya ile sauti. Annelore alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akatoa mfukoni kipande cha plastiki nyeupe alichokata kwenye chupa ya shampuu ya saluni, skrubu, na bisibisi. Alifunga bila haraka. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi na skrubu moja ilianguka kwenye matope, akaipapasa mpaka akaipata. Marnix alisimama amemshikilia baiskeli, maji yakimtiririka usoni.

"Sijakusamehe," alisema akiwa bado amechuchumaa. "Usidhani nimekuja kukusamehe. Wiki zote hizi nakata watu masikio nikijiuliza. Sijui. Labda nitakusamehe, labda sitaweza. Mama nimemwambia. Alilia, halafu akasema wewe ni mjinga, na uje Krismasi."

Marnix aliinamisha baiskeli kidogo ili skrubu ifikike.

"Ila nataka kukaa alipokuwa anakaa baba. Huwezi kuninyima." Alikaza skrubu ya mwisho, akainuka, akafuta bisibisi kwenye paja. "Na kila shimo unionyeshe. Hata ninalolijua. Hata nikiwa nacheka."

"Vidole vyangu," alisema Marnix.

"Vinafanya nini vidole vyako?"

"Vinakufa kwenye baridi. Siviamini."

Annelore alitoa glavu mfukoni, akampa. Nilizitambua. Zilikuwa zake Marnix, zile binti alizoondoka nazo siku ya supu, na ndani alikuwa ameshonea manyoya ya kondoo. Mshono ulikuwa mbaya, msusi si fundi cherehani. Yeye akatoa glavu nyingine mfukoni, akavaa.

Marnix alikwenda kubadilisha nguo. Huko langoni Norbert alikuwa analalamika kwamba vidole vya miguu amevipoteza, na yeyote atakayevipata amrudishie. Marnix alipotokea akisukuma baiskeli hakuna aliyemshangilia. Norbert alimtazama, akatazama madigadi ya nyuma, akainama, akakigusa kile kipande cheupe kwa kidole.

"Kimepita," alisema. Halafu: "Mbele, Marnix. Upepo ni wa baharini leo, na mimi mzee."

Nilimwona akitaka kukataa. Alitazama mbele, barabara tupu na mifereji imejaa maji pande zote, akatazama nyuma alipokuwa amezoea. Annelore tayari alikuwa amepanda. Akaenda mbele.

Tuliendesha mstari mmoja, na mimi mwisho, peke yangu tena, nikiwa na wivu na furaha kwa wakati mmoja. Nilimwona kwa mbali, ule mgongo mkubwa. Kila tope, kila jiwe, kila ufa wa zege, mkono ulitoka na sauti ikaja ikipokezana mpaka kwangu: shimo, mawe, tope, shimo. Alionyesha vitu ambavyo hata kuku angevipita salama. Katikati ya mstari mtu aliguna kwamba kwa mwendo huu tutaonyeshwa hata majani. Annelore alimwambia afunge mdomo.

Halafu ikaonekana kapela, matofali yake yamelowa, na mshumaa ndani ya kioo.

Doa la lami lilikuwa pale pale, jeusi, tambarare kama meza. Shimo hakuna tangu manispaa walizibe. Mstari mzima ulinyamaza kama unavyonyamaza siku zote, nikasikia minyororo tu na mvua. Niliona mabega ya Marnix yakipanda, nikafikiri atasimama, ataingia kwenye majani. Nilisema kwa sauti, peke yangu huku nyuma, usisimame.

Mkono wake wa kulia ulitoka kwenye usukani. Ulishuka chini kabisa kando ya mguu, glavu ile nene, kidole kimenyooka kwenye lami.

"Shimo," aliita.

Annelore alijitupa kushoto. Mkono wake ukashuka. "Shimo," alisema. Nyuma yake Norbert akajitupa kushoto, akaonyesha, akaita. Na aliyemfuata, na aliyemfuata, wote wakiizunguka lami tambarare, kila mmoja akimwambia mwenzake.

Ikafika kwangu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, ni barabara tu na theluji. Nilishusha mkono, nikaonyesha.